Msambazaji wa ng'ambo: anapokosea yeye na tunapokosea sisi

Miezi minne baada ya tangi letu la kuchanganyia sabuni ya maji kufika, fundi alilisafisha, akamulika ndani kwa tochi, kisha akaniita. Kando ya mstari wa kuchomelea, karibu na koki ya chini, palikuwa na vidoa vya kahawia vidogo kama ncha ya sindano. Alivisugua vikatoka. Wiki iliyofuata vilirudi, na ukipitisha ukucha unahisi vishimo. Tangi hilo lilitengenezwa nje ya nchi kwa vipimo vyetu, tukamaliza kulilipia kabla halijapakiwa melini, na ankara ya muuzaji ilisema "chuma kisichoshika kutu".

Nilikasirika, nikaandika ujumbe mkali. Muuzaji alijibu kwa mstari mmoja: mlichoagiza ndicho tulichowapa. Nikafungua oda yetu, nikakuta maneno ni yale yale, "chuma kisichoshika kutu", basi.

Chuma hicho kina madaraja. La 304 lina kromiamu takriban asilimia 18 na nikeli asilimia 8. La 316 huongezewa molibdenamu, asilimia 2 hadi 3, na hiyo ndiyo inayolisaidia kustahimili chumvi. Sabuni nyingi za maji hutiwa chumvi ya kawaida ili ziwe nzito. Muuzaji alitumia 304, ambalo ni la bei nafuu zaidi, na kwa macho hakuna awezaye kuyatofautisha. Je, alitudanganya? Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, na jibu langu limebadilika zaidi ya mara moja.

Tuanze na malalamiko ya wanunuzi, maana mengi ni ya kweli. Wapo wanaojiita kiwanda kumbe ni madalali wasiomiliki hata mashine ya kuchomelea. Wapo wanaojibu ndani ya dakika tano kabla ya malipo ya awali, kisha wiki nzima kimya. Wapo wanaoweka daraja la 201, ambalo sehemu ya nikeli yake imebadilishwa na manganizi, huku karatasi zikisema 304. Huo ni wizi, hauna jina jingine. Kuna pia ile video mashuhuri ya mashine inayozunguka vizuri kabisa ikiwa tupu. Mashine tupu haithibitishi chochote kuhusu siku itakapobeba mzigo.

Linaloumiza zaidi ni mpangilio wa pesa. Desturi iliyoenea ni asilimia 30 wakati wa kuagiza na 70 kabla ya kusafirisha. Maana yake, siku kontena linapofunguliwa na kasoro kuonekana, mnunuzi hana tena kitu mkononi cha kumfanya muuzaji asikilize.

Sasa kaa upande wa pili wa meza. Kifaa cha kuagiza maalumu hakina mteja mwingine. Tangi lenye kimo, midomo na mota ulivyotaka wewe, ukikimbia, muuzaji atalikata liuzwe kama chuma chakavu. Kwa hiyo malipo ya awali si tamaa, ni kinga yake pekee dhidi ya mtu asiyemjua aliye bara jingine. Na sisi wanunuzi tuna visa vyetu. Tunatuma mchoro wa kalamu uliopigwa picha kwa simu. Kazi ikifika nusu tunabadilisha upande wa koki. Tunapokea bei tatu, tunachagua ya chini, hatuulizi imeshukaje, halafu tunashangaa bamba likija jembamba.

Hata umeme huingia hapa. Mota iliyoundwa kwa umeme wa 60 Hz (mizunguko ya umeme kwa sekunde) ikiwekwa kwenye umeme wa 50 Hz hupunguza mwendo kwa sehemu moja ya sita: iliyokusudiwa mizunguko 1,800 kwa dakika hushuka hadi 1,500 hivi. Mnunuzi atasema mashine ni goigoi. Muuzaji atasema hakuambiwa, na mara nyingi kweli hakuambiwa.

Wengi hushauri malipo yapitie benki, yaani benki iahidi kulipa muuzaji akileta hati zilizokubaliwa. Njia hii ni nzuri, lakini watu huielewa vibaya. Kanuni za UCP 600, ambazo ni kanuni za kimataifa za malipo ya namna hii, zinazotumika tangu Julai 2007, zinasema wazi kwamba benki hushughulika na hati, si bidhaa. Hati zikiwa sawa, benki italipa hata kama ndani ya sanduku kuna kasoro. Kinga inapatikana pale tu unapodai cheti cha mkaguzi huru kiwe mojawapo ya hati hizo. Kwa oda ndogo, ada zake ni mzigo mzito.

Sheria nayo ipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1980 kuhusu mauzo ya bidhaa kimataifa, kwa nchi zilizojiunga (Uingereza haimo), unamtaka muuzaji alete kitu kinachofaa kwa kazi maalumu aliyojulishwa, mradi mnunuzi aliutegemea ujuzi wake na ilikuwa busara kuutegemea. Unamtaka pia mnunuzi akague mapema na kutoa taarifa ya kasoro ndani ya muda unaofaa, usiozidi miaka miwili tangu alipokabidhiwa. Tatizo ni kwamba kesi ya kuvuka mipaka kwa ajili ya tangi moja inaweza kugharimu kuliko tangi lenyewe. Faida ya kifungu hicho naiona mapema zaidi, siku ya kuagiza: neno "kujulishwa". Laiti tungeandika "kwa sabuni yenye chumvi", lile jibu la mstari mmoja lisingekuwa na pa kusimamia.

Ndiyo maana siafikiani na wanaosema dawa ni kumtafuta msambazaji mwaminifu. Huyo yupo, ila huwezi kumtambua kwa sauti yake kwenye simu. Ninachokiamini ni jaribio la kiwandani kabla ya ile asilimia 70: mashine ijazwe, izungushwe kwa saa kadhaa, kibao cha mota kisomwe, chuma kipimwe kwa kifaa cha mkononi cha eksirei kinachotambua madini yaliyomo. Ukiweza kubakiza asilimia 10 hadi mashine ifanye kazi kwako, bora zaidi, ingawa wengi watakataa na sitawalaumu wote. Anayekataa jaribio lenyewe, ilhali gharama ya mkaguzi ni yako, huyo mwache. Na akaunti ya benki ikibadilika ghafla kwa barua pepe, piga simu kwa namba ya zamani kabla ya kutuma chochote.

Tangi la pili tuliliagiza kwa muuzaji yule yule. Wenzangu walipinga, nami niliwaelewa. Lakini safari hii oda ilikuwa na kurasa tatu: daraja la 316L (yaani 316 lenye kaboni kidogo), kemikali zote zitakazoingia na viwango vyake, volti na Hz, na namba ya bechi ya chuma iliyogongwa kwenye bamba, ilingane na ya cheti cha chuma hicho. Alirudisha maswali kumi na moja. Mara ya kwanza hakuwa ameuliza hata moja, wala sisi hatukumpa sababu ya kuuliza.