Roboti Ilipopewa Mgao wa Dagaa

Mkataba wangu ulisema "fundi msaidizi wa roboti ya chini ya maji". Maana yake: roboti ikizama naachia kebo, ikipanda navuta, katikati nachemsha chai.

Tulikuwa baharini Tanga, ndani ya hifadhi ya silikanti iliyotangazwa mwaka 2009, tukipiga picha mapango ya miamba. Silikanti ni yule samaki aliyedhaniwa kwisha pamoja na dinosaria, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Mchana hujificha mapangoni, na wataalamu walitaka ramani ya nyumba zake. Taa na kamera pekee hazifui dafu: maji yana chembechembe, na ukiwasha taa kali zote zinakung'alia usoni, kama kupiga fulu kwenye ukungu wa Lushoto. Kwa hiyo roboti ilifungwa leza ya kijani, maana mwanga mwekundu humezwa na maji mapema. Leza inachora mstari mwembamba juu ya mwamba, kamera iliyokaa pembeni inasoma mstari umepinda wapi, na kompyuta inajenga umbo, mstari baada ya mstari. Ila inataka giza. Injinia wetu, Mjerumani mpole kweli, akachagua usiku usio na mwezi.

Mtu wa pwani anajua nani mwingine husubiri usiku usio na mwezi.

"Wavuvi wa dagaa watakuwepo," nikamwambia.

"Bahari ni kubwa," akajibu.

Mapango yalikwenda salama. Wakati wa kupanda, roboti ikasimama karibu na uso wa maji, taa zote zinawaka, injinia akirekebisha kitu kwenye programu. Dagaa wakaanza kuja. Kwanza wachache, kisha skrini nzima ikawa macho ya dagaa. Injinia alifurahi akaacha kila kitu kirekodi, leza nayo ikiendelea kuchora.

Huko gizani nikasikia mashine ya boti, kisha sauti: "Hee! Taa ya nani hii inawaka chini?"

Kabla sijafungua mdomo, walishaanza kuzungusha ringineti, ile nyavu ya kuzingira dagaa.

Kebo ikaanza kuniponyoka. Nikavuta. Wa upande wa pili nao wakavuta, na wao walikuwa wengi tena wanaimba. "Zima leza!" injinia akapiga kelele, isije ikampata mtu machoni. Ikazimwa. Kwenye kamera tukaona nyavu, dagaa, kisha uso wa mzee mwenye ndevu nyeupe, midomo inakwenda haraka haraka. Nadhani ilikuwa Ayatul Kursiyyu.

"Nahodha, shikamoo! Hicho ni chetu!"

"Marahaba mwanangu. Chenu nini?"

"Roboti!"

Kimya kidogo.

"Inauma?"

Kulipokucha tulikuwa wote ufukweni Sahare, dagaa wamejaa boti, na mimi nimeshajipanga kwa ugomvi wa nyavu. Injinia, kwa kutuliza mambo, akafungua kompyuta awaonyeshe leza ilichorekodi. Mapango ya silikanti hayakumshughulisha mtu. Ila ilipofika ile ringineti, imechorwa jicho kwa jicho, fundo kwa fundo, mzee akamshika mkono.

"Rudisha nyuma. Hapo, kwenye kona. Wallahi tundu lenyewe hili! Tunapoteza dagaa kila siku, nawaambia hawa nyavu imechanika, wananiona nimezeeka!"

Vijana wakatazama chini. Mmoja akaenda kutafuta uzi.

Kisha ukaja mgao. Kwa desturi chombo kina fungu lake, nyavu ina lake, na mwenye taa naye hasahauliki. Mzee akaamua bila kusita: "Taa iliyowaita dagaa ni yao. Wapeni haki yao." Ndoo zikaanza kuletwa. Injinia alitaka kukataa kwa adabu, nikamkanyaga mguu.

Tatizo lilikuwa ripoti. Mjerumani hafichi kitu, akaandika yote. Mhasibu wa mradi akatuma ujumbe: anaomba risiti, na anauliza wale dagaa waingizwe kwenye sampuli au kwenye mapato.

Nikamjibu kwamba walishakaangwa.