Nova yangu ilivyogeuka rangi usiku mmoja

Kuna watu wamejaliwa kukosea kimyakimya. Mimi nikikosea, huwa nimeshawaamsha watu.

Nina nova yangu ya kufuatilia, yaani nyota iliyowahi kung'aa ghafla kwa mlipuko: V603 Aquilae, iliyo katika kundinyota la Ukabu. Nasema "yangu" kama mtu anavyosema barabara yangu. Juni 1918 ililipuka ikang'aa karibu sawa na Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, watu wakatoka nje kuikodolea macho. Siku hizi iko daraja la 11 na nusu hivi la mwangaza, hata kuiona sharti uwe na darubini, na hakuna anayeihangaikia ila watu wa aina yangu. Kumbuka tu kwamba madaraja haya yamepinda: namba ikishuka, nyota imeng'aa zaidi.

Nova haifi kwa kulipuka. Pale kati pana nyota kibete nyeupe, masalio madogo mazito ya nyota iliyokwisha, inayoinyonya nyota jirani yake gesi, na gesi hiyo huizunguka kama sahani kabla ya kuiangukia. Sahani ni ya moto mno, ndiyo maana nova hii kongwe ina rangi ya samawati. Haitulii hata: ukiipima sasa na ukiipima baada ya dakika kumi, majibu si yale yale. Tunaozifuatilia tunataka kujua sahani inaendeleaje miaka mingi baada ya kishindo, ndiyo sababu tunapima mwangaza na rangi pia.

Rangi haipimwi kwa jicho, kwa kuwa kwenye daraja la 11 jicho halioni rangi yoyote, linaona kitone tu. Unapiga picha kwa kichujio cha B, kinachopitisha samawati, kisha kwa kichujio cha V, kinachopitisha kijani na manjano. Katika kila picha unailinganisha na nyota nyingine ambayo mwangaza wake unajulikana. Ukishapata namba mbili, toa ya V kwenye ya B. Nova yangu hutoa jibu karibu na sifuri: samawati. Jibu likizidi moja, nyota imeelekea machungwa.

Usiku huo nilianza kwa kuona madoa ya vumbi kwenye picha. Nikafungua gurudumu la vichujio, nikavitoa vioo viwili, nikavifuta taratibu kwa kitambaa, nikavirudisha. Dakika tano tu. Nikajipongeza kwa usafi, nikaendelea na kazi.

Majibu yakaja: V, 10.9. B, 12.3.

Nikahesabu kwa vidole, kisha kwa kikokotoo, kisha kwa vidole tena. Mwangaza wa V umepanda kwa saba ya kumi ya daraja, wa B umeshuka kwa kiasi kile kile, na rangi imeruka kutoka sifuri hadi 1.4. Nova yangu ya samawati imekuwa ya machungwa! Mikono ikaanza kutetemeka. Kichwani nikaona sahani imetoweka ghafla, jirani amebaki peke yake akiwaka kama kaa la moto. Sikujisumbua kuuliza jirani huyo aliye mnyonge ameupata wapi mwangaza huo.

Kila mpimaji mwenye akili huwa na nyota nyingine ya kuhakiki, isiyobadilika, ili ikibadilika ajue kosa ni lake. Yangu ni ya machungwa, rangi yake 1.1 miaka nenda miaka rudi. Usiku ule ilisoma 0.3. Na mimi, badala ya kushtuka, niliandika kwenye daftari, kwa herufi kubwa: "NYOTA YA KUHAKIKI NAYO INABADILIKA. KUCHUNGUZWA." Yaani nilihesabu kuwa nimegundua vitu viwili.

Saa nane usiku nikawaandikia wenzangu sita. Kisha, kimbelembele hakina dawa, nikampigia simu mzee aliyenifundisha kazi hii.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani amefariki?"

"Hakuna, mzee. Nova imekuwa nyekundu!"

Kimya. Nikasikia kitanda kikilia.

"Nyota ya kuhakiki inasemaje?"

"Nayo imegeuka. Imekuwa ya samawati."

Kimya kirefu zaidi.

"Kijana," akasema (nina miaka arobaini na sita), "hebu pima nyota nyingine tano pichani."

Nikapima. Zilizokuwa nyekundu kuliko nyota ya kulinganishia zote zimekuwa samawati, za samawati zote zimekuwa nyekundu. Anga nzima ilikuwa imebadilishana nguo. Nikamsomea namba moja baada ya nyingine, sauti ikizidi kushuka.

"Leo umevigusa vichujio?"

"Nimevifuta tu, mzee."

"Kwa mwanga gani?"

Hapo ndipo tumbo liliponicheza. Usiku tunatumia tochi nyekundu ili macho yasipoteze uzoefu wa giza. Chini ya mwanga huo, kioo cha B na kioo cha V vyote ni vyeusi kama vifuniko vya chungu. Ndiyo maana nilivibandika lebo nyeupe na kuandika herufi. Na niliandika kwa kalamu nyekundu. Wino mwekundu kwenye karatasi nyeupe, ukiumulika kwa taa nyekundu, haupo. Nilipoziona lebo ni tupu nilidhani umande umefuta wino, nikavirudisha vioo kwa kumbukumbu. Kumbukumbu yangu ndiyo hii mnayoisoma.

"Washa taa nyeupe," akasema mzee, akakata simu.

Nikawasha. Kwenye kiti cha V, herufi B imenitumbulia macho, nyekundu kama jicho la mlevi. Kwenye kiti cha B, V.

Nikavibadilisha, nikapiga picha upya. 11.6, 11.6. Sifuri. Nova ilikuwa inaendelea na mambo yake, haina habari.

Zikabaki zile jumbe sita za kufuta. Nilipofungua simu kuandika samahani ya kwanza, nikakuta mmoja ameshajibu. Alikuwa ameamka, akatoa darubini yake, akaitazama kwa jicho. Na kweli, aliandika, ina wekundu fulani, hata mkewe ameuona.