Kodi Tunalipa, Tunalala Nje

Jamani, kuna watu wakipata likizo wanapumzika. Mimi mwenzenu nimeoa mwanamke ambaye likizo kwake ni kushindilia hema, jiko la gesi, masufuria na godoro la kupuliza ndani ya kigari chetu, tukaizunguke Ulaya kama wachuuzi wa mnadani. Na nyumba tunayo, Hamburg. Kodi inakatwa kila mwezi, tulale tusilale.

"Mke wangu, hoteli zimekukosea nini?"

"Hewa, mume wangu."

Hewa! Mtoto wa Tanga mie, joto limenilaza uani miaka yote, hewa nimeivuta bure. Huku nailipia. Uswisi hugusi barabara kuu bila stika ya faranga 40, na ni ya mwaka mzima hata kama unapita tu kwenda Italia. Ufaransa hawana stika. Wana vizuizi na mashine. Unalipa, unakanyaga mafuta, unakuta kizuizi kingine.

Kambi za mahema za Ujerumani nazo, nyingi saa saba mpaka saa tisa mchana ni saa za utulivu. Geti limefungwa. Tulifika saa saba na dakika tano, mzee wa mapokezi akaninyooshea kidole saa ya ukutani, akarudi ndani. Tukakaa garini tunatazamana.

Lakini chooni ndiko kwenye mambo. Kwetu mtu akienda msalani hujiendea kimyakimya. Kambini unapita mbele ya mahema yote, ndala miguuni, karatasi ya choo kwapani, na kila mwenye kikombe cha kahawa anakusalimia. Usimame umjibu? Utaweza? Bafuni unatumbukiza sarafu ndiyo maji yatoke. Yakikata una povu machoni, sarafu nyingine imebaki hemani. Ufaransa mabwawa mengi ya kuogelea hayaruhusu kaptula pana, lazima chupi ya kubana. Na kitambi hiki! Nikakaa pembeni nikashika taulo za watu.

Sasa mama kagundua Norway. Kule kuna sheria ya 1957: porini unapiga hema popote, mradi uwe mita 150 kutoka nyumba ya mtu. Bure kabisa. Na choo pia hakuna kabisa. Tukapanda mpaka Lofoten, visiwa vya kaskazini ya mbali, mwezi wa sita, mbu wa huko sikuwaona hata Pangani.

Nimetia udhu, nimekaa juu ya jiwe nangoja jua lichwe niswali. Saa tatu, liko. Saa tano, liko. Saa sita ya usiku linaning'inia juu ya bahari, mwenzangu anakoroma, kajifunga kitenge machoni. Nikamtikisa.

"Mke wangu, magharibi huku inaingia lini?"

Akafunua jicho moja.

"Katikati ya mwezi wa saba."