Umeridhika? Muulizeni saa mbili usiku

Jumamosi tulikuwa tunarudi Moshi kutoka Arusha mimi na baba mdogo. Tumeshapita njia panda ya KIA, giza limeingia, lori likaja mbele limewasha taa full. Mzee akapunguza mwendo, akaingiza gari pembeni, akazima, akaninyooshea ufunguo.

"Endesha wewe, mwanangu. Kila taa naiona na pete zake."

Barabara hii kaiendesha tangu sijazaliwa.

Mwaka jana aliuza ng'ombe wawili akatolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Kliniki fulani (siitaji, msinibembeleze) ikamwambia lenzi ya kawaida ya kupachikwa ndani ya jicho imepitwa na wakati, awekewe ya masafa mengi, ya kuonea mbali na karibu, miwani ataisahau. Na kweli kaisahau. Anasoma gazeti, meseji, mpaka vile vimaandishi vya nyuma ya chupa ya dawa. Mchana mzee ni tai.

Hapo nawapa haki yao, kwa shingo upande. Mama mkubwa, fundi cherehani, kawekewa lenzi ya aina hiyohiyo na anatunga uzi kwenye sindano huku anapiga soga. Iseme vibaya lenzi yake uone atakavyokufukuza na mkasi. Ila mama mkubwa saa moja jioni yuko jikoni. Baba mdogo saa moja jioni ndiyo anapakia ndizi.

Na hakuna aliyemuuliza! Waliuliza bima, waliuliza namba ya simu, waliuliza ndugu wa karibu. "Unaendesha usiku?" ni maneno mawili tu, yakawashinda. Lenzi hizi zinagawa mwanga: fungu la kuonea mbali, fungu la kuonea karibu. Mchana mwanga ni wa kumwaga, hasara huioni. Usiku mboni inapanuka, lile fungu lisilohitajika linatanda kuizunguka taa, ndizo pete zenyewe. Halafu kilichofifia kinazidi kufifia: mtu wa koti jeusi anayevuka pale Boma Ng'ombe, bodaboda isiyo na taa ya nyuma. Wala si siri. Lenzi hizi zimeanza kuwekwa machoni mwa watu miaka ya 1980, na malalamiko ya pete ni ya siku nyingi. Mwenye presha ya macho, au ambaye kisukari kimeshamla retina (utando wa nyuma ya jicho), kwa kawaida hashauriwi kuziweka. Dereva wa usiku naye alistahili angalau kuambiwa.

Mtaniambia ubongo huzoea, ni suala la miezi. Wengi huzoea, ndiyo. Mzee yuko mwezi wa kumi na moja. Kuzitoa na kuweka nyingine inawezekana, lakini upasuaji wa pili una hatari zaidi ya ule wa kwanza, na ng'ombe wamebaki wa maziwa tu.

Kinachonichoma kuliko vyote ni fomu. Siku ya marudio, saa nne asubuhi, jua kali, dada wa mapokezi alimpa karatasi: umeridhika sana, umeridhika, hujaridhika. Mzee kwa furaha ya kuisoma mwenyewe bila miwani akatia tiki kwenye "nimeridhika sana". Kwa hiyo kwenye hesabu zao yumo, mgonjwa mwenye furaha.

Tulipofika nyumbani nikamwambia baba mdogo, Jumatatu nakupeleka, wakuangalie upya.

"Nikawaambie nini," akasema, "na tiki nilishatia?"