Polisi kata na vijana wa vijiweni Mbeya, bonanza peke yake halitoshi

Kila likichezwa bonanza la askari na bodaboda hapa Mbeya picha zinajaa kwenye magrupu, jezi mpya, mbuzi wa mshindi, afande kamkumbatia kepteni wa vijana. Sipingi, angalau watu wanajuana majina. Ila Jumatatu asubuhi dogo yule yule anasimamishwa pale Mafiati na hapo ndo uhusiano unapimwa.

Nianze na askari maana huwa tunawaruka. Bodaboda wanakabwa usiku, wengine wanauliwa kabisa pikipiki inachukuliwa, na kijiweni mara nyingi yupo anayemjua aliyefanya lakini hasemi, anaogopa kuitwa snichi. Gari ikimgusa boda mmoja wenzake wanamzingira dereva hata kama hana kosa, askari akifika kuamua naye anarushiwa mawe. Huyo askari naye ni mtoto wa mtu, kumwambia kesho yake akae na hao hao wapige stori sio kazi rahisi.

Vijana nao wana hoja nzito sana. Difenda inapita usiku inazoa kijiwe kizima, aliyekaa na aliyekuja kununua vocha wote ndani, kosa linaandikwa uzembe na uzururaji, halafu mama anapigiwa simu aje na hela wakati ukutani pale kaunta pameandikwa dhamana ni bure! Na haya hayajaanza jana, Novemba 2011 machinga na polisi walipambana Mwanjelwa mabomu ya machozi yakapigwa, dogo aliyekuwa darasa la tatu kipindi kile leo ndo anaendesha boda, hakusimuliwa, aliona.

Kwa mtazamo wangu kilichosaidia kuliko semina zote ni bajeti ya 2021 iliposhusha faini ya bodaboda kutoka sh 30,000 mpaka 10,000. Ile 30,000 ilikuwa inazidi hesabu ya siku anayompelekea tajiri mwenye pikipiki, kwa hiyo dereva anabembeleza, anatoa elfu tano pembeni, anaondoka na chuki moyoni. Sasa hivi anaweza kusema "niandikie afande, nitalipa". Rushwa haijaisha ila kijana mwenye uwezo wa kulipa kihalali halazimiki kumpigia mtu magoti.

Halafu kuna mkaguzi kata, yaani afisa wa polisi aliyepangiwa kata moja aisimamie, mpango uliotokana na polisi jamii, polisi kushirikiana na wananchi, ya enzi za IGP (mkuu wa polisi nchini) Said Mwema. Mkaguzi akiizoea kata anajua nani mwizi na nani kakaa tu pale kwa sababu hana kazi, hakuna haja ya kuzoa wote. Wapo wanaosema mazoea yatazaa upendeleo na ni kweli, kule Iringa afande akishazoea kunywa ulanzi na vijana siku ya kumkamata mmoja wao mkono unakuwa mzito. Mi bado naona afadhali hivyo, maana mkaguzi anayependelea unamjua jina unaenda kumlalamikia kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, ila waliokuzoa na difenda usiku utamtaja nani?

Sema mkaguzi mmoja bila pikipiki kwenye hizi kata zetu za milimani hafiki popote. Apewe usafiri, aachwe kata moja miaka ya kutosha, namba yake ibandikwe kila kijiwe, na kijana akimpa taarifa ya mwizi jina lake lisimfikie mwizi jioni ile ile, hapo ndo wengi walipokatia tamaa.