Keremkerem wa Oktoba hawatasubiri kamera yako

Jumatano iliyopita tulikuwa tumesimama mbele ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, saa tatu kasorobo asubuhi, tukingoja wenzetu wafike tuanze matembezi ya ndege. Matembezi haya yalianzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, na hadi leo watu hukusanyika pale pale kila Jumatano. Nesi mmoja, niliyemfundisha Kiswahili alipokuwa kidato cha tatu, alinivuta kando. Alikuwa ametoka zamu ya usiku moja kwa moja.

"Mwalimu, R7 ninunue saa hii ama nisubiri ile mpya?"

Kamera ya Canon EOS R7 ilitangazwa Mei 2022, kwa hiyo imeshapitisha miaka 3. Katika biashara ya kamera huo ni umri wa watu kuanza kunong'ona kuhusu mrithi. Nesi wetu amekusanya akiba yake kidogo kidogo tangu mwaka juzi, na sasa pesa ziko karibu kutosha. Anaogopa kununua leo halafu baada ya miezi mitatu itangazwe nyingine iliyo bora zaidi. Ninaielewa hofu hiyo kwa sababu imeshawahi kunichukulia karibu miaka miwili. Nilimjibu kwa neno moja, usisubiri, tukaanza kutembea. Lakini neno moja halitoshi kwa mtu anayetaka kutoa akiba ya miaka miwili, na ndiyo maana ninaandika.

Mwanzoni mwa 2018 niliuza kamera yangu ya Canon, 7D Mark II. Nilikuwa nimetazama tarehe: 7D ya kwanza ilitoka 2009, Mark II ikatoka 2014, miaka 5 kati yao. Nikaona Mark III lazima itakuja 2019, na ikishatangazwa tu, bei ya kamera yangu itaporomoka. Afadhali niuze mapema. Nilipata mteja mzuri, nikaziweka zile pesa kando, nikaanza kusubiri. Canon haikuwa imeniahidi chochote. Ahadi niliitunga mwenyewe kutokana na tarehe mbili.

Novemba mwaka huo tulichanga pesa watu sita, tukakodi gari kuingia Mbuga ya Nairobi. Karibu na bwawa la Hyena, hatua kama 15 kutoka barabarani, ndege aitwaye karani alikuwa akipambana na nyoka nyasini. Wanaomjua ndege huyu wanajua anavyoua: hutumia miguu, anapiga teke baada ya teke huku mabawa yameinuliwa na lile taji la manyoya ya kisogoni limesimama. Dereva alizima injini. Tulitazama kwa dakika nne hivi, hakuna aliyesema neno. Mimi nilikuwa na simu tu. Picha niliyo nayo ya asubuhi ile ni ya uwanda wa nyasi wenye doa la kijivu katikati, na sijamwona tena karani akifanya hivyo kwa ukaribu ule. Hadi leo bado inaniuma.

Mark III haikuja. Agosti 2019 ilitangazwa 90D, na wengi wakaamua kwamba huyo ndiye mrithi. Kamera ya kweli ya kushika nafasi ya 7D Mark II, yaani yenye kasi na kihisi (kile kipande kinachonasa picha) kidogo kinachompendeza mpiga picha wa ndege, ilikuja kuwa R7 yenyewe, Mei 2022. Kutoka Septemba 2014 ni miaka 7 na miezi 8. Wenzetu wa Nikon nao waliwahi kuonja: kutoka D300S ya 2009 hadi D500 ya Januari 2016 walikaa miaka sita na nusu.

Na hao walau walipata. Februari 2016 Nikon ilitangaza kamera tatu ndogo za DL. Moja yao ingekuwa na lenzi ya kufika mbali sawa na milimita 500, katika umbo la kubebwa kwenye mkoba. Kwa mtu anayetembea kwa miguu katika msitu wa Karura au Arboretum hapa Nairobi, ile ilikuwa ndoto. Zilitarajiwa madukani Juni. Kwanza tarehe ikasogezwa kwa sababu ya matatizo ya saketi ya kuchakata picha, kisha Februari 2017 kampuni ikasema haitaziuza kabisa, kwa kuwa gharama za kuziunda zilikuwa zimepanda na mauzo yalitiliwa shaka. Hizi zilikuwa kamera zilizokwisha kutangazwa, zenye majina na bei. Sasa fikiria ile ambayo haijatangazwa.

Kuna mambo mengine yasiyo mkononi mwa kampuni yenyewe. Oktoba 2011 mafuriko ya Thailand yalikizamisha kiwanda cha Nikon cha Ayutthaya. Aprili 2016 tetemeko la ardhi la Kumamoto lilisimamisha kiwanda cha Sony kinachotengeneza vihisi, vile vinavyotumika hata katika kamera za kampuni nyingine. Tarehe ya kamera mpya hupita katika maji na ardhi za nchi za watu kabla haijafika kwetu.

Na ikifika, kwetu kuna kusubiri kwa pili ambako wenzetu wa Ulaya hawakujui. Siku kamera inapoanza kuuzwa Japani si siku inapofika kwenye maduka ya Moi Avenue kwa bei ya kuvumilika. Kuna usafiri, kuna ushuru, kuna VAT ya asilimia 16, na kuna shilingi. Hebu tupige hesabu ya shilingi peke yake. R7 ilipotoka bei yake Marekani ilikuwa dola 1,499, bodi bila lenzi. Januari 2024 dola moja ilikuwa imefika kama Sh160, kwa hiyo bei hiyo ni karibu Sh240,000 kabla ya kodi. Kufikia mwishoni mwa mwaka huo huo dola ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh130, na bei ile ile ikawa chini kidogo ya Sh195,000. Tofauti ni Sh45,000, na kampuni haikupunguza hata senti. Nakiri basi kwamba kuna kusubiri kunakolipa. Lakini aliyefaidika mwaka huo alifaidika na shilingi, na mwaka wowote shilingi inaweza kwenda upande wa pili.

Sasa twende kwenye kamera yenyewe, maana nesi hakuniuliza kwa sababu ya tamaa. Ana hoja. R7 ina kasoro moja inayojulikana: kihisi chake husoma picha polepole, mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini. Ukitumia shata (kinachofungua na kufunga mwanga) ya kielektroniki, ile ya kimya inayofika picha 30 kwa sekunde, ndege anayepiga mabawa haraka huwa ameshasogea kabla mstari wa mwisho haujasomwa. Bawa linatoka limepinda kama lililovunjika. Kwa mbayuwayu au chozi anayeelea mbele ya ua, picha inaharibika. Kila anayesubiri kamera mpya anasubiri hili lirekebishwe.

Lakini badilisha utumie shata ya kawaida, ya pazia, na kupinda kule kunaisha. Bado una picha 15 kwa sekunde, na 7D Mark II nyingine ninayotumia sasa inapiga 10. Unachopoteza ni ukimya, na pazia linachakaa. Ndege wetu wa Nairobi wamezoea honi za matatu, hawatatishwa na mlio wa pazia. Na kwa ndege aliyetulia tawini, mdiria anayetazama maji kwa mfano, shata ya kimya inafanya kazi vizuri tu. Siwezi kumwambia mtu akae mwaka mzima bila kamera kwa sababu ya jambo linalotatuliwa ndani ya menyu.

Njia nyingine zipo, nami nilimtajia mbili. Ya kwanza ni D500 iliyotumika, pamoja na lenzi ya Nikon ya 200-500. Ni kamera ya 2016, lakini mfumo wake wa kufuata ndege angani bado unaheshimiwa, na nesi hana mzigo wa lenzi za zamani zinazomfunga kwa Canon zaidi ya ile ndogo ya 18-55. Ya pili ni kuachana na R7 kwa sasa, achukue bodi ya bei nafuu iliyotumika na kuweka pesa nyingi kwenye lenzi. Sony na Fujifilm wana kamera nzuri sana, X-H2S hasa ina kihisi cha kasi kisicho na taabu ile ya R7, lakini lenzi ndefu za kwao zilizotumika sizioni kwa urahisi hapa mjini, na kamera ya ndege bila lenzi ndefu ni chombo cha kupigia picha miti.

Hapo kwenye lenzi ndipo ninapotaka asimame afikiri zaidi kuliko penginepo. Bodi hubadilishwa, lenzi nzuri hukaa. Lenzi ya Canon EF 400 f/5.6, ya milimita 400, ni ya mwaka 1993. Haina kitulizi cha mtikisiko, lakini ni nyepesi kwa lenzi ya aina yake, kilo moja na robo hivi, na makali yake bado yapo. Ukiifunga kwenye R7 kwa adapta, fokasi inafanya kazi kama kawaida, na kwa kuwa R7 ina kitulizi ndani ya bodi, lenzi ya 1993 inapata kitu ambacho haikuzaliwa nacho. Kwenye kihisi kile kidogo inaona kama milimita 640. Aliyenunua lenzi hiyo mwaka juzi, akaifunga hata kwenye bodi kuukuu, leo ana misimu miwili ya ndege na bado ana lenzi.

Kuna jambo pia ambalo hakuna kamera mpya itakayolitatua. Hapa karibu na ikweta jua likichomoza mwendo wa saa kumi na mbili na nusu, mwanga mzuri unadumu kama saa mbili. Kufikia saa tatu na nusu uwanda wa mbuga unaoelekea Athi unachemka, hewa inapanda kwa mawimbi, na ndege aliye mita 80 anatoka kama amechorwa juu ya maji. Nimewaona watu wakilaumu lenzi zao kwa hilo. Megapikseli 32.5 za R7 zitakuonyesha mawimbi hayo kwa undani zaidi, basi. Dawa yake ni kufika langoni mapema na kusogea karibu.

Akiamua kununua kitu kilichotumika, aangalie jambo moja ambalo mimi nililipia. Mwaka 2019, nilipochoka kusubiri, nilinunua 7D Mark II nyingine katika duka moja la katikati ya jiji. Niliambiwa imepiga picha 20,000. Fundi alipoiunganisha na kompyuta akakuta zaidi ya 140,000, na pazia la kamera hiyo limekadiriwa kudumu picha 200,000. 7D Mark II haiandiki idadi hiyo ndani ya faili la picha, kwa hiyo huwezi kuijua kwa kutazama picha ya majaribio. Nenda na fundi, au na mtu mwenye kompyuta na programu ya kuisoma, kabla hujatuma M-Pesa. Kamera ile bado ninayo na bado inafanya kazi, ila niliinunua kwa bei ya nyingine.

Sasa ni Juni. Oktoba keremkerem wa Ulaya, ndege wala nyuki, watakuwa wakipita juu ya Nairobi wakielekea kusini. Unawasikia kabla hujawaona, sauti laini inayobiringika angani. Mbayuwayu wa huko nao watapita, na Novemba hadi Desemba, mvua ikinyesha, kozi wa Amur watapita kwa makundi wakikimbiza kumbikumbi. Watarudi Machi na Aprili, kisha hawapo tena hadi Oktoba nyingine. Mimi niliikosa misimu miwili hivyo nikiwa na pesa za kamera benki. Huyu binti ana miguu yenye nguvu, ana macho ya kumwona chozi ndani ya kichaka kabla yangu, na ana Jumatano zake baada ya zamu. Sitaki aikose hata mmoja.

Jana alinipigia simu. Anataka kuanza na lenzi, ile 400, akiipata kwa bei nzuri, kisha R7 ifuate akimaliza kujaza akiba, au hiyo mpya kama itakuwa imefika. Nimemwambia bodi isimsumbue kwa sasa, achukue 7D Mark II yangu hadi hapo. Mimi nitatembea na darubini. Betri zake ni aina ile ile ya LP-E6 inayoingia hata kwenye R7, kwa hiyo atabaki nazo. Nimezichaji zote mbili, ziko mezani karibu na mlango, zinasubiri Jumatano.