Sina Nyani, Jamani

Kwa kuwa yule bwana wa kikundi chetu cha vitabu ameshaisambaza ile sauti niliyojirekodi usiku nikisoma kitabu mpaka imemfikia shemeji yangu Tanga, acha niwasimulie mwenyewe. Na kabla hatujafika mbali: nilikuwa nimevaa bukta. Bukta ni nguo. Anayesema nilikuwa uchi hakuwepo.

Kikundi chetu cha vitabu mwezi huu mada ni wema na ubaya, kila mtu arekodi kipande atume. Yule bwana akachukua riwaya ya Kichwamaji ya Kezilahabi, kile unachomfuata Kazimoto mpaka mwisho na bado hujui umlaumu nani, akakisoma kwa sauti ya mtu anayesoma namba za luku. Nikasema huyu leo ataniamkia. Nikatoa Adili na Nduguze. Mle Shaaban Robert hakupi kazi ya kumtafuta mbaya: mmoja ni Adili, ndugu zake ni Hasidi na Mwivu. Sasa wewe una ndugu anaitwa Hasidi, unapanda naye chombo, ukitoswa baharini unamshitakia nani?

Mliokisoma mnakumbuka. Nduguze wanageuzwa manyani, na Adili, mtawala wa Janibu, ameamriwa na jini Huria awachape kila usiku. Anawachapa, halafu anawalilia, anawabembeleza, anawalisha. Hicho ndicho kipande nilichokichagua. Usiku wa manane. Kwenye nyumba ya kupanga isiyo na dari, ambayo ukipiga chafya chumba cha mwanzo, wa chumba cha mwisho anakwambia pole.

Kitabu mkono wa kushoto, mkanda wa kulia, simu juu ya ndoo. Nikaunguruma. Paa! kwenye godoro. Paa! Nikaongeza na vilio vya nyani, hu-hu-hu, ambavyo hata mwandishi hakuniagiza. Kisha nikaangua kilio cha Adili, kile cha kutoka tumboni: "Nisamehe ndugu yangu, si mimi, nimeamriwa! Haya kula, kula baba." Na mimi mtu wa uhalisia (nyamazeni kwanza), nikamenya ndizi nikaitafuna puani kwa simu.

Nikasikia mnong'ono koridoni: "Umesikia? Wako wawili."

Mlango ukagongwa. "Fungua! Mjumbe hapa."

Nikafungua. Ndizi mashavuni, mkanda mkononi, machozi hayajakauka. Tochi ikaanza usoni, ikashuka kwenye mkanda, ikapita kwenye ganda la ndizi, ikafika kwenye bukta ikakaa hapo kuliko ilivyohitajika. Nyuma ya mjumbe kuna mama wa chumba cha pili na kanga yake na mchi, mama mwenye nyumba anavuta tasbihi, na kijana wa ulinzi shirikishi amejificha nyuma ya wote hao. Nikaona adabu kwanza. "Shikamoo mzee." Kwenye ile *sh* ndizi ikatoka. Ikaruka polepole, naiona inavyokwenda, ikatua kwenye kandambili ya mjumbe, kati ya kidole gumba na cha pili. Hakuna aliyeiangalia. Wote tulijua iko pale.

"Marahaba. Nyani wako wapi?"

"Wamo kitabuni, mzee."

Kimya.

"Umewaingiza *kitabuni*?"

Mama wa chumba cha pili akapiga ukunga. Mwenye nyumba akaongeza kasi ya tasbihi. Yule kijana akasukumwa achungulie uvunguni, akaingia nusu mwili, akatoka na sufuria. Si nyani. Sufuria ya mama wa chumba cha pili, ile niliyomwapia mbele ya watu kwamba nilishairudisha. Mchi ukanyanyuka upya, safari hii kwa sababu ya haki kabisa.

Mengine yalikwenda mbio. Mjumbe alisoma ukurasa kwa tochi, akakaa kitandani kwangu, akasoma wa pili, sisi tumesimama. Nikajaribu kumweleza yule mama kwamba mle kitabuni kuchungulia usiku na kwenda kuripoti ni kazi ya Ikibali, mtu wa Mfalme Rai, na ni mtu wa heshima. Akauliza Ikibali ni nani huyo ninayemfananisha naye, na sufuria yake niliitoboa lini. Walipotoka ndipo nikaona simu bado inarekodi. Nikataka kufuta. Kidole kikatuma.

Kikundi kimesema kipande changu ni bora, hasa pale pa mjumbe. Shemeji ameomba niwasomee harusini. Nimemblock kwa muda.

Ila kitabu sina. Mjumbe alikibeba kama kielelezo, na nilipokwenda kukidai alinijibu bila kuinua macho kwamba Hasidi ndiyo kwanza anamsukuma nduguye baharini, nisimharakishe. Mwenye nakala ya ziada anitumie. Nitasoma kimoyomoyo.